Ubishi wa Mvua na Makopo ya Shaba

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba jiji lake hupata mvua nyingi kuliko London, atakucheka. Lakini ndivyo ilivyo. London hupata takriban milimita 600 kwa mwaka, Dar huvuka 1,000. Kwetu masika humwaga kwa hasira kisha jua likachomoza. Kule manyunyu hujikokota kutwa nzima, na ndoo iliyowekwa nje isijae. Sasa nenda kaskazini-magharibi mwa Uingereza mpaka Seathwaite, nyumba chache na kondoo wengi katika bonde la Borrowdale, Cumbria. Hapo ni kama milimita 3,500. Bendera moja, mvua karibu mara sita. Nilifundisha jiografia Tanga kwa miaka mingi, na katika kueleza milima na kivuli cha mvua sikupata mfano ulionyooka kuliko kisiwa hiki, ambacho wengi wetu tunadhani kimefunikwa na wingu moja.

Waingereza wenyewe wamebishana juu ya jambo hili zaidi ya miaka 300: wa magharibi wakisema wamelowa, wa mashariki wakisema wenzao wanatia chumvi. Waliouleta ubishi huo kwenye hesabu hawakuwa maofisa wa serikali. Walikuwa watu wa ridhaa: makasisi, madaktari, wenye mashamba, mabibi wenye nafasi.

Wa kwanza tunayemjua ni Richard Towneley, bwana mwenye ardhi karibu na Burnley, Lancashire. Mwaka 1677 aliweka faneli juu ya paa la nyumba yake, akaiunganisha na bomba la madini ya risasi lililoshuka mpaka chumbani kwake. Mvua ikinyesha usiku, yeye yumo ndani. Asubuhi anayapima maji na kuandika. Nampenda sana mtu huyu. Wanafunzi wangu walikuwa wakikimbia matone kwenda kusoma kipimamvua cha shule, na hakuna hata mmoja aliyefikiria bomba.

Mwaka 1694 Towneley aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kuhusu miaka yake 15 na ushei ya kupima. Alikuta Lancashire inapata karibu maradufu ya mvua ya Paris, akaonya mapema kwamba hesabu hiyo isichukuliwe kuwa ya Uingereza nzima. Upepo wa kusini-magharibi, alisema, huleta mawingu ya baharini, nayo yakikutana na vilima vya kwao hukwama na kumwaga mzigo. Maelezo hayo ningeyapa alama zote hata leo. Baadaye William Derham, kasisi wa Upminster huko Essex, akaanza kupima naye. Walipolinganisha, Upminster ilikuwa na chini ya nusu ya mvua ya Towneley.

Ungedhani ubishi umekwisha. Kumbe ulikuwa ndio kwanza unaanza, kwa sababu likaja swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: kopo la kupimia mvua liwekwe wapi? Katika miaka ya 1766 na 1767 daktari William Heberden aliweka vipimamvua vitatu Westminster, kimoja juu ya mnara wa kanisa la Abbey, kimoja juu ya paa la nyumba ya jirani, cha tatu bustanini. Mvua ni ileile, mtaa ni uleule. Baada ya mwaka, bustani ilikuwa na zaidi ya inchi 22, paa inchi 18, mnara inchi 12. Wapo walioeleza kwamba tone hunenepa kadiri linavyoshuka. Nadharia tamu, lakini haikuwa kweli. Ilipofika 1861 William Stanley Jevons, ambaye wasomi wa uchumi wanamjua kwa mambo mengine kabisa, alionyesha kwamba mwizi ni upepo: ukigonga jengo au kopo hupanda na kupita juu kwa kasi, na matone huchukuliwa yasiingie. Basi hata lile paa la Towneley huenda lilikuwa linampunja, na Lancashire ikalowa kuliko alivyoandika.

Ndiyo maana namheshimu zaidi George James Symons, aliyewapa wapimaji utaratibu mmoja. Alikuwa karani kijana katika idara ya hali ya hewa ya Robert FitzRoy alipokusanya hesabu za mwaka 1860 kutoka vituo 168. Ikawa kazi ya maisha. Aliacha ajira mwaka 1863, akaiendesha shughuli hiyo kutoka nyumbani kwake Camden Square, London, akiandika magazetini kuomba watu wa kupima pale kwenye mapengo ya ramani. Hakuwalipa. Wengi walinunua vipimamvua vyao wenyewe, na wakachanga fedha za kuchapisha kitabu cha kila mwaka.

Masharti yake yalikuwa makali kama ya mwalimu mkuu. Mdomo wa kopo uwe futi moja juu ya ardhi, mbali na miti na kuta. Maji yasomwe saa 3 asubuhi, na kiasi kiandikwe kwenye tarehe ya jana. Tanga nasi tulisoma saa 3, na kila mwaka alikuwapo mwanafunzi aliyegoma kuielewa hiyo tarehe ya jana. Kuhusu ukubwa wa kopo, kasisi Charles Griffith wa Stratfield Turgis, Hampshire, alizijaza bustani zake vipimamvua vya kila umbo na kimo ili kuona kipi kinasema kweli.

Wapo waliomtatiza. Lady Bayning wa Norfolk alipima tangu miaka ya 1830 kwa bidii ya ajabu, ila alipokwenda London kwa msimu wa karamu alikibeba na kipimamvua chake. Mapenzi ya kazi hayo, sibishi. Lakini mvua ya London si ya Norfolk.

Symons alipofariki mwaka 1900 vituo vilikuwa vimepita 3,000, na mwaka 1919 serikali ikaichukua kazi hiyo. Karatasi za zamani zikakaa kwenye makabati karibu karne nzima. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa korona, Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading aliomba msaada wa kuzinakili kwenye kompyuta. Walijitokeza zaidi ya 16,000, watu wa ridhaa tena, wakanakili vipimo zaidi ya milioni 5 kwa siku 16.

Mei ya mwaka huohuo ilikuwa imetangazwa kuwa kavu kuliko Mei zote zilizowahi kuandikwa England, milimita 9.6. Karatasi zilipoingia kwenye hesabu za taifa mwaka 2022, ilibidi iachie nafasi: Mei ya 1844 ilikuwa na 8.3.