Ala Bila Bastola

Desemba iliyopita tulibadilisha mabati ya nyumba ya zamani hapa kwetu Roret, na ndipo sanduku la mzee likashuka kutoka darini. Mzee ninayemsema ni baba ya babu yangu. Mimi sikumkuta. Ndani mlikuwa na blanketi lililoliwa na nondo, kichupa cha shaba ya manjano chenye urefu wa kidole, kamba nyembamba iliyofungwa kipande cha shaba kizito upande mmoja, na ala ya ngozi. Ala ya bastola. Ilikuwa tupu.

Baba mdogo akaitazama mara moja tu akasema ichomwe. Hoja yake ilikuwa rahisi: polisi wakiona ala watauliza bastola iko wapi, na hapo nani atajibu? Kogo, nyanya yangu, alikuwa kwenye kiti chake akichambua maharagwe. Akasema mzee hakuwahi kuwa na bastola, alikuwa akisafisha za wazungu vitani, akaja na kile kifuko kama kumbukumbu. Basi. Maneno yakaisha, mafundi wakaendelea kugonga misumari.

Mimi sina kazi ya ofisi, chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama, na nilichobaki nacho ni kemia nusu na muda mwingi. Nikaomba ala nikae nayo wiki moja kabla ya kuchomwa.

Kichupa na kamba vilikuwa rahisi kuvitambua. Bunduki ya Lee-Enfield ilikuwa na tundu kwenye kitako, na ndani ya tundu hilo askari aliweka kichupa cha mafuta na kamba ya kuvuta kitambaa ndani ya mtutu. Kitambaa chenyewe kilikatwa inchi nne kwa mbili. Kila askari wa King's African Rifles alijua vipimo hivyo kama anavyojua namba yake. Na Wakipsigis, pamoja na ndugu zao Wanandi, waliingia KAR na polisi kwa wingi, kwa sababu Waingereza waliamua kwamba sisi ni watu wa vita. Wakipsigis walewale ambao mwaka 1905 walipelekewa msafara wa kuwaadhibu, huko Sotik.

Mzee alikwenda Burma. Hilo halina ubishi nyumbani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya masika ya kule, ikaingia Kalewa Desemba 2 mwaka huohuo na kuvuka mto Chindwin. Ukisoma habari za bonde hilo, Wajapani wenyewe hawachukui kurasa nyingi kama matope, malaria na mvua. Magari yalizama. Nguo zilioza mwilini. Na chuma, chuma kilishika kutu usiku mmoja tu.

Hapa niseme kitu kilichonifurahisha. Kabla ya vita hivyo, mafuta ambayo jeshi la Uingereza lilitumia miaka mingi kukinga bunduki zake na kutu yaliitwa mafuta ya Rangoon, kwa sababu yalitoka Burma. Yaani walichimba mafuta Burma ili silaha zisioze, kisha wakapeleka kijana wa Kericho Burma kuona silaha zikioza.

Askari wa kawaida hakubeba bastola. Bastola ilikuwa ya afisa, na maafisa walikuwa wazungu karibu wote. Wakati huo ilikuwa Webley au Enfield ya .38, ya kukunjuka katikati, silinda ya risasi sita. Lakini afisa hakuisafisha mwenyewe kila siku. Alikuwa na askari wa kumfulia, kumpikia chai na kumsafishia viatu na silaha. Kwa hiyo maneno ya Kogo yangeweza kuwa kweli kabisa. Mtu anaweza kuijua bastola ndani nje, kila springi na kila skrubu, bila kuimiliki hata siku moja.

Sasa kuhusu kutu. Watu hudhani ni uchafu unaokaa juu ya chuma, kama vumbi. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe kikigeuka, kikichukua oksijeni hewani kwa msaada wa maji. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila na ina vitundu, ndiyo maana haijifungi yenyewe: maji hupenya chini yake na kazi inaendelea. Na si lazima maji ya kumwagika. Unyevu wa hewa unatosha, na hapa kwetu unyevu tunao wa kuuza. Kericho hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, nyingi ikija mchana baada ya saa nane, saa ambayo wachumaji wanakimbilia kituo cha kupimia majani. Chai inapenda. Panga halipendi.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ile rangi nyeusi ya samawati kwenye bastola nzuri nayo ni jamaa wa kutu. Mafundi wa zamani walikuwa wakipaka chuma dawa ya kukishikisha kutu makusudi, wakakichemsha majini mpaka ile nyekundu ikageuka nyeusi, wakapiga brashi, wakarudia tena na tena. Hiyo nyeusi imeshikamana zaidi, na hukaa na mafuta. Kumbe bastola hukingwa na kutu kwa kuvishwa kutu ya aina nyingine! Lakini kinga hiyo ni nyembamba. Jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole gumba ikiachwa juu ya chuma wiki moja ya mvua, utaikuta imeandikwa kwa rangi ya kahawia.

Ndiyo sababu kanuni za kutunza bastola ni za kizee sana na hazijabadilika. Hakikisha haina risasi. Ifute baada ya kila kushikwa. Mafuta yawe membamba, si ya kumwagika, maana yakizidi hunasa vumbi na yanaweza kuharibu risasi. Usizibe mtutu kwa kitambaa ukidhani unaukinga, kitambaa kinafyonza unyevu na kuukalisha hapohapo. Iangalie mara kwa mara, hasa masika. Kutu changa ya juujuu inatoka kwa mafuta na kitambaa, au nyuzi laini sana za shaba, ukisugua kwa subira. Ikishakuwa mashimo, acha, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, na akisema isifyatuliwe tena, isifyatuliwe. (Na leseni uwe nayo wewe pia. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina utani.)

Kanuni moja nimeiacha makusudi: usihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hulainishwa kwa tanini, dawa inayotoka kwenye maganda ya miti kama miwati, na ngozi hunywa unyevu kama sifongo. Ukiacha chuma humo, unakilaza kwenye kitanda chenye maji na asidi.

Tanini ikikutana na chuma hutokea kitu ambacho kila mtu wa nchi ya chai amekiona bila kukijali. Chemsha chai kwa maji ya bomba lenye kutu, inakuwa nyeusi tititi. Paka chai kali juu ya panga lenye kutu, inageuka kutoka nyekundu kuwa nyeusi. Wazungu waliandikia wino wa namna hiyo karne nyingi, tanini na chuma, na wino huo haufutiki kirahisi.

Nilikuwa ninajua haya yote siku ya tatu nilipoikunjua ile ala kwenye mwanga wa dirisha.

Ndani yake kulikuwa na picha. Sijui niiite nini kingine. Doa jeusi, pana kwa chini ya mdomo wa ala, mviringo wa silinda, na kutoka hapo mstari ulionyooka kuelekea chini, mtutu. Ungeweza kuichora kwa kalamu. Bastola inayolala humo usiku mmoja au miezi miwili haiachi alama namna hiyo. Hiyo ni miaka. Na maafisa hawakuwaachia askari ala zenye bastola ndani zikae miaka.

Nilikaa chini kwanza. Maana ukijua bastola ya .38 ilikuwa nyumba fulani Kenya katika miaka ya hamsini, lazima ukumbuke .38 nyingine. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952, na baadaye kanuni zake zikafanya kupatikana na silaha bila ruhusa kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, akashtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Hakushtakiwa kwa kuua mtu. Alishtakiwa kwa bastola, Webley Scott ya .38, na risasi sita. Alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Mwanahistoria David Anderson amehesabu zaidi ya watu 1,000 walionyongwa katika vita vile, na mamia kati yao kosa lao lilikuwa silaha au risasi tu, si mauaji.

Sisemi mzee alikuwa Mau Mau. Huku kwetu wengi walikuwa upande wa pili, na sare, na hilo nalo hatulizungumzi sana. Ninachosema ni kwamba mtu aliyerudi kutoka Burma, mwenye mke na mtoto mdogo, alilala miaka ile yote juu ya kitu ambacho kilitosha kumtia kitanzi, na hakukitupa. Kila mvua iliponyesha ilikuwa ikikila. Angeiacha tu, tatizo lingejimaliza lenyewe. Lakini alikuwa na kichupa cha mafuta.

Nikaenda kwa Kogo jioni. Nilimwonyesha doa. Aliligusa kwa kidole, akalinusa pia, sijui kwa nini.

Nikamuuliza, "Kogo, ulipoolewa hapa, mzee alikuwa anafanya nini na hii?"

Aliolewa 1962. Akanyamaza muda. Kogo hamtaji mkwe wake kwa jina hata leo, husema "mzee" tu, na hata hilo analisema kwa sauti ya chini. Kisha akasema hakuwahi kuona bastola. Alichowahi kuona ni birika.

"Birika gani?"

Asubuhi moja, mwaka wake wa kwanza hapa, alichemsha maji ya chai. Mzee akaja jikoni, mzee ambaye hakuwa akiingia jikoni, akabeba birika lote likichemka akaenda nalo nyuma ya ghala. Kogo akachungulia. Alikuwa amechuchumaa akimimina maji yale kwenye kitu kama kipande cha bomba, polepole, mpaka mvuke ukamfunika uso. Kisha akakivuta kitambaa ndani kwa kamba. Chai siku hiyo ilichelewa.

Lazima nieleze kwa nini niliganda. Risasi za zamani hizo, kile kidude cha nyuma kinachowaka kikigongwa kilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu. Kikiwaka kinaacha chumvi ndani ya mtutu, nayo chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani. Mafuta hayaiondoi. Inayeyushwa na maji, na ya moto ni bora kwa sababu chuma hukauka chenyewe kikiwa bado na joto. Jeshi liliwafundisha askari kumimina maji yanayochemka mtutuni, kisha kukausha, kisha mafuta. Kukinga kutu ya kawaida ya mvua hakuhitaji birika. Birika ni kwa siku ambayo umefyatua.

Sikumwambia Kogo hayo. Nilimuuliza tu kama anakumbuka ilikuwa lini hasa.

"Ni ile wiki wezi walichukua ng'ombe," akasema, akarudisha ala mapajani mwangu. "Ng'ombe walirudi wote."