Mikroskopi ya zamani, taa haiwaki: umeme wa bei ndogo utatoka wapi?

Kwenye vituo vya afya vingi vya upande wetu, mikroskopi iliyoko pale ni ya miaka mingi, zawadi toka Ulaya, Marekani ao Japani. Lenzi zingali nzuri, chuma ni kizima, lakini taa imekatala kuwaka na mashine imepandishwa juu ya kabati. Tangu siku ile laborantini hasomi tena tone nene ya malaria wala makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu. Na mara nyingi kilichokufa ni transfo tu, kitu ambacho fundi wa redio wa mtaa anaweza kukipatia badala.

Mbele ya kununua kitu, pima. Toa ampuli, tazama uzi wake, kiisha weka multimetri kwenye ohm: ampuli nzima itaonyesha chini ya ohm 1. Tazama na fyuzi. Halafu soma kibati cha nyuma ya mashine. Ya Japani inaweza kuandikwa volti 100, ya Marekani 110 ao 120, na hapa kwetu ukuta unatoa 220. Mashine nyingi za zawadi hazikuharibika kwa uzee, ziliungua siku ya kwanza mtu alipozichomeka bila kusoma.

Sasa soma ampuli yenyewe. Nyingi zimeandikwa 6V 20W. Gawa wati kwa volti: 20 kwa 6 ni amperi 3.3. Ya 12V 20W inaomba 1.7 tu, na ile kubwa ya 12V 100W inaomba zaidi ya 8. Watu wengi wanaogopa amperi, lakini wanakosea. Chanzo chenye amperi nyingi hakichomi ampuli; volti zikizidi njo zinachoma. Tena ampuli ya uzi haichagui plus na minus, wala umeme wa ukutani na wa batri. Kwa hiyo mlango uko wazi.

Njia ninayoipenda ni chaja ya laptopi iliyokufa. Chaja ya volti 19 na amperi 3.42 inatoa wati 65, kwa ampuli ya wati 20 ni nyingi. Katikati unatia kibao kidogo cha kupunguza volti, chenye skrubu ya kurekebisha. Hapa uwe macho: kibao cha LM2596, kile kinachouzwa kila mahali, kinaandikwa amperi 3, lakini kabla ya kufika pale kimekwisha pata moto. Kwa ampuli ya 6V 20W tafuta cha amperi 5, mfano XL4015. Rekebisha volti 6 na multimetri MBELE ya kuunga ampuli, kwani volti 19 zitaimaliza kwa sekunde moja. Kitu kingine: uzi ukiwa baridi unavuta umeme mara nyingi zaidi kuliko ukiwa moto, na chaja ingine inajizima yenyewe. Anza na volti 3, kiisha panda polepole.

Kisanduku cha umeme cha kompyuta ya mezani pia kinafaa. Waya mwekundu ni volti 5, wa manjano 12, mweusi ni wa kurudi. Ukigusanisha wa kijani na mweusi, kinawaka. Ampuli ya volti 6 kwenye volti 5 inatoa karibu nusu ya mwangaza, tena wa manjano, lakini itaishi sana. Kwa lenzi ya 40 inatosha. Kwa ile ya 100 yenye mafuta, unaweza kuona giza.

Wenye pano ya jua na batri ya volti 12 wasiunge ampuli moja kwa moja. Batri ikichajiwa inapanda mpaka 14.4, na volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya ampuli yanakatika karibu nusu. Tia kile kibao, ukiweke kwenye 11.5.

Transfo ndogo za taa za dari, zile za halojeni, ziache. Nyingi ni za volti 12, na zimeandikwa wati za chini, sawa 20 mpaka 60. Ukiwa chini ya pale taa inacheza-cheza. Kama ampuli yenyewe haipatikani tena, tia LED nyeupe ya wati 3 pamoja na kidhibiti chake, mahali hasa uzi ulipokuwa. Inakubali chaja ya simu, na delestaji haitasimamisha kazi. Yenyewe lakini inachagua plus na minus.

Upande wa 220 mwachie fundi, waya zifunikwe vizuri, na tia fyuzi ya amperi 5 upande wa ampuli ya wati 20. Halojeni isiguswe na vidole, mafuta ya ngozi yanaipasua ikipata moto.

Wakati unangojea vipande, tafuta kwenye sanduku la mashine: nyingi za zamani zilikuja na kioo cha chini. Kitie, kaa karibu na dirisha, upande wa bapa ukiangalia anga. Jua lenyewe usilielekeze kamwe, macho yatakwenda.