Ordinatere zisizo na diski: mambo ya kuangalia kabla biro haijanunua

Ordinatere isiyo na diski ni mashini ndogo ambayo haichungi faili ndani yake. Ukiiwasha, inauliza kwenye mtandao wa biro; serveri inaipatia anwani, kisha inaitumia programu za kuanzia. Kazi ya watu wote inachungwa kwa serveri, yaani ile mashini kubwa moja.

Faida ya kwanza ni umeme. Ordinatere ya kawaida ya mezani inakula kama wati 60 hadi 150. Hii ndogo inakula kama 5 hadi 15, bila kuhesabu skrini. Kwa biro inayotegemea jenereta ao paneli za jua, tofauti inaonekana kwa mafuta na kwa batri. Faida ya pili: mwizi akibeba mashini moja, hakuna faili za wagonjwa ao za wateja anazoondoka nazo.

Lakini serveri ikizimika, watu wote wanakaa mikono mitupu. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza bei ya mashini ndogo, tenga pesa ya vitu vitatu: serveri yenye diski mbili zinazoandika kitu kilekile, batri ya kuishikilia umeme ukikatika, ili izimwe vizuri, na diski ya kopi inayolala nyumba ingine. Kama pesa haifikie hapo, bakia kwanza na ordinatere za kawaida.

Kisha uliza muuzaji haya:

Kazi inafanyika wapi? Kuna mashini zinazoonyesha tu skrini. Hesabu yote inafanywa na serveri, basi serveri inaomba memori nyingi. Zingine zinachukua programu kwa serveri lakini zinafanya kazi zenyewe. Hizo ziwe na prosesa nzuri na memori ya giga 4 ao zaidi.

Inaweza kuwaka kupitia mtandao? Tafuta neno PXE kwenye maelezo yake. Mara nyingi hiyo njia inapita kwa kable, haipite kwa Wi-Fi. Weka basi pesa ya kable, na swichi ya gigabiti 1, sababu asubuhi mashini zote zinavuta kwa serveri mara moja.

Na leseni? LTSP, inayotumia Linux, ni ya bure. Kwa serveri ya Windows, kila mtumiaji ao kila mashini inalipiwa leseni yake.

Ordinatere za zamani zenye diski iliyokufa zinaweza pia kutumika hivi, ila ulaji wao wa umeme hautapungua sana.

Mwisho, usinunue kumi siku moja. Anza na mbili, mfanye nazo kazi juma moja. Halafu jaribuni kurudisha faili moja kutoka kwa diski ya kopi. Ikikataa, msiongeze mashini ingine mpaka hilo litengenezwe.