Jambo Bwana, Malaika na kaseti ya mjomba

Leo naziacha programu kidogo, tuzungumze muziki.

Mjomba wangu wa Msambweni alipiga gitaa katika hoteli za Diani miaka ya 1990. Bendi yao ilirekodi kaseti, wakawauzia watalii. Wimbo mmoja aliutunga mwenyewe. Mwaka jana niliihamishia kaseti ile kwenye kompyuta, nikauweka wimbo huo kwenye intaneti ili ndugu wausikie. Kesho yake ujumbe ukaja: wimbo huu una mwenyewe. Jina lililotajwa mjomba hajapata kulisikia.

"Kwa hiyo nimeiba wimbo wangu?" akaniuliza. Nilicheka, lakini swali lenyewe halichekeshi.

Tuanze na "Jambo Bwana", ambao hoteli zetu huwaimbia wageni. Wengi hudhani ni wimbo wa kale usio na mtunzi. Sivyo. Uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, ukatolewa mwaka 1982. Mwaka 1983 Boney M wa Ujerumani wakatoa wa kwao. Salamu ni za kila mtu. Cha mtunzi ni namna alivyozipanga na kuzitia sauti.

"Malaika" ndio kisa kigumu zaidi. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, lakini Adam Salim naye alidai kuwa yeye ndiye mtunzi. Fadhili alifariki mwaka 2001. Ubishi haukuzikwa naye.

Sasa upande wetu wa kompyuta. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Mashine inayokagua hulinganisha sauti yako na rekodi zilizomo ghalani mwake. Haimjui mtunzi, inamjua aliyetangulia kuleta faili. Huenda mtu alinunua kaseti ya mjomba, akaigeuza CD, akajiandikisha.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hata kama hakuusajili. Basi haki mjomba anayo. Anachokosa ni ushahidi: kwenye kaseti limeandikwa jina la bendi tu.

Je, kuazima ni kosa? Sisi waandishi wa programu tunaazimana kila siku. Leseni huria zinaruhusu, mradi usifute jina la mwenzako, na Git hukumbuka nani aliandika mstari upi. Muziki nao ndivyo ulivyo. Mombasa Roots walichukua chakacha ya harusini wakaitia magitaa. Mjomba mwenyewe anakiri kwamba mdundo wake ni wa sengenya, ngoma ya Wadigo isiyo na mtunzi mmoja. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda sanaa za jadi kama mali ya jamii. Kwa hiyo tatizo si kuazima, ni kufuta majina.

Nimepeleka pingamizi, bado nasubiri. Wewe unayerekodi leo, andika ndani ya faili jina la mtunzi, wapigaji, mahali na mwaka. Ni kazi ya dakika mbili.

Mjomba naye ameanza kuandika majina ya wenzake kwenye daftari. Wawili wameshatangulia mbele ya haki.