Nyumba ya Mtaa wa Mariposa

Ukisikia habari za maonyesho ya sanaa, huenda ukaona mbele ya macho yako ukumbi mpana wenye kuta nyeupe, picha zimetundikwa kwa safu, na watu wanapita polepole, mikono wameiweka nyuma, wakinong'onezana. Maonyesho ninayotaka kukusimulia hayakuwa na ukumbi wala kuta nyeupe. Yalifanywa mwaka 1972 katika Hollywood, sehemu ya mji wa Los Angeles nchini Marekani, ndani ya nyumba kuukuu iliyokwisha kuhukumiwa kubomolewa. Walioyafanya walikuwa wanafunzi wa sanaa, wote wanawake, pamoja na walimu wao wawili na wasanii wachache wa mjini. Nyumba hiyo waliipa jina la Womanhouse, yaani Nyumba ya Mwanamke.

Yafaa kwanza ujue sababu. Katika miaka ile wasichana walikuwa wengi katika shule za sanaa za Marekani, lakini waliowafundisha walikuwa karibu wote wanaume, na katika majumba makubwa ya sanaa kazi za wanawake zilikuwa haba. Mwaka 1970 msanii Judy Chicago alianzisha darasa la wanawake watupu katika chuo cha Fresno, huko California. Wanafunzi walikuwa 15. Hakuwafundisha ndani ya chuo. Aliwatoa nje, wakatafuta jengo, wakachanga kodi, wakalitengeneza kwa mikono yao wenyewe. Aliona kwamba wavulana waliingia chuoni wakiwa wamekwisha kuzoea vyombo vya seremala, na wasichana walivikwepa kwa kudhani si vyao. Basi alitaka wajue kushika nyundo sawasawa na kushika brashi.

Mwaka 1971 darasa lilihamia California Institute of the Arts, na huko Chicago alipata mwenzi, Miriam Schapiro, mchoraji aliyekwisha kujulikana New York. Lakini majengo mapya ya chuo hicho yalikuwa hayajamalizika, na darasa halikuwa na mahali pazuri pa kufanyia kazi. Ndipo Paula Harper, mwanahistoria wa sanaa aliyekuwa pamoja nao, alipotoa shauri: kwa nini wasitafute nyumba, na nyumba yenyewe ikawa kazi ya sanaa?

Wanafunzi walizunguka mjini hata wakaiona nyumba namba 533 katika mtaa wa Mariposa. Ilikuwa na vyumba 17, na umri wake ulikuwa yapata miaka 75. Ilikuwa imehamwa, vioo vya madirisha vilikuwa vimevunjwa, na ndani hapakuwa na maji ya bomba wala moto wa kupasha joto. Walitafuta jina la mwenyewe katika daftari za serikali, wakamwandikia barua, nao wakapewa ruhusa ya kuitumia kwa miezi michache kabla ya kubomolewa. Tarehe 8 Novemba, 1971, wanawake 23 walifika mlangoni na mifagio, ndoo, misumeno, ngazi, misumari na rangi.

Usidhani walikuwa wakiimba. Kwa muda wa miezi miwili walikwangua kuta, walitia vioo, walipiga msasa sakafu, walijenga viambaza na walivuta nyaya za umeme. Baridi ya Los Angeles si ya theluji, lakini nyumba isiyo na moto wala madirisha ni nyumba ya baridi popote ilipo. Walikuwa wamekuja kujifunza sanaa, wakajikuta vibarua wa ujenzi. Wengi walinung'unika, na manung'uniko yao yaliwaelekea walimu: ati watu waliohubiri kwamba wanawake wote ni sawa, mbona wao wenyewe waliamrisha kama wasimamizi wa shamba? Chicago, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, hakuficha kwamba wanafunzi walimkasirikia. Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki. Bila ukali ule nyumba isingalimalizika. Na mwanafunzi aliyechoka naye ana haki ya kuuliza jasho lake litaandikwa kwa jina la nani. Swali hilo tutalirudia.

Sasa nikueleze namna ya sanaa waliyoifanya, kwa kuwa yaweza kuwa ngeni kwako. Kuna kazi isiyotundikwa ukutani wala kusimamishwa juu ya kiweko. Hujaza chumba kizima, toka dari hata sakafu, na mtazamaji huingia ndani yake kama aingiavyo nyumbani mwa mtu. Vitu vyake ni vya kila aina: rangi, nguo, mbao, nyuzi, unga uliokandwa, vyombo vilivyonunuliwa dukani. Katika nyumba ya Mariposa kila chumba kilikuwa kazi ya namna hiyo, chengine cha mtu mmoja, chengine cha wawili au watatu, na chumba cha kulia kilifanywa na watu kadhaa kwa pamoja, wakafinyanga vyakula vya karamu kwa donge la unga wa mkate.

Fikira za vyumba zilipatikana kwa mazungumzo. Waliketi duara, likatajwa jambo moja, na kila mmoja akasema kwa zamu yake yaliyompata, wenziwe wakisikiliza bila kumkatiza. Desturi hii yaonekana nyepesi, lakini ijaribu na wenzako darasani uone jinsi ilivyo vigumu kunyamaza mpaka mwingine amalize.

Jikoni palikuwa mikononi mwa wanafunzi watatu: Susan Frazier, Vicki Hodgetts na Robin Weltsch. Mwanzoni hawakupatana juu ya kitu cha kufanya. Basi waliketi duara, wakazungumza habari za majiko ya mama zao. Kumbe kila mmoja alikumbuka mambo mawili kwa pamoja: jikoni ni mahali pa kulishwa na kupendwa, na jikoni ni mahali pa vita, ambapo mama hutoa chakula kwa mkono mmoja na uchungu wake kwa mkono wa pili. Mazungumzo hayo yalizaa chumba cha ajabu. Kila kitu kilipakwa rangi moja ya waridi kama ngozi ya mwili: kuta, jiko, makabati, hata makopo. Juu ya dari yalibandikwa maumbo ya mayai ya kukaanga. Na kwa kadiri yalivyoteremka ukutani, mayai hayo yaligeuka kidogo kidogo kuwa matiti ya mama anyonyeshaye. Mtu aliyesimama pale hakuhitaji kuelezwa. Alielewa kwamba anayepika hujitoa mwenyewe akaliwa, na pengine alikumbuka ni nani aliyempikia asubuhi ile.

Vyumba vingine nitavipitia kwa haraka. Kathy Huberland aliweka bibi harusi juu ya ngazi, shela yake imeteremka vidato. Aliyeingia akamtazama kwa mbele alimwona aking'aa, lakini kwa nyuma alionekana akizama katika ukuta wa kijivu. Sandy Orgel alichukua kabati la mashuka akaweka ndani yake sanamu ya mwanamke, kama zile za madirisha ya maduka ya nguo, rafu zikaukata mwili wake vipande, na mguu mmoja ukatoka nje kana kwamba anataka kuondoka. Karen LeCocq na Nancy Youdelman walitengeneza chumba ambamo mwanamke aliketi mbele ya kioo akijipaka urembo, akiufuta, akijipaka tena, kwa hofu ya uzee.

Lakini chumba kinachonivuta zaidi ni cha Faith Wilding. Yeye alizaliwa mwaka 1943 nchini Paraguay katika kijiji cha Wakristo walioishi kwa shirika, mali yao moja na kazi yao moja. Alichukua nyuzi na kamba, akafuma kwa sindano yenye kulabu, ile kazi ya kroshia ambayo wanawake wengi huifanya jioni wakifuma vitambaa vya meza. Ila yeye hakufuma kitambaa: alifuma kibanda kizima, utando mweupe uliotandazwa kama wa buibui katika chumba cheusi. Huenda nyanya yako husuka kiondo, na hujapata kusikia mtu akimwita msanii. Mwaka 1972 hali haikuwa tofauti huko Marekani. Kushona na kufuma kulihesabiwa kuwa kazi ya kupitisha wakati. Wilding alikitwaa kitu hicho kilichodharauliwa, akakikuza mpaka mtu mzima akaweza kuingia ndani yake.

Milango ilifunguliwa tarehe 30 Januari, 1972. Siku ya kwanza waliingia wanawake peke yao, kisha watu wote, mpaka tarehe 28 Februari. Yasemekana walifika kama watu 10,000. Palikuwa na michezo pia. Katika mmoja Wilding huyo huyo aliketi kitini akijipembeza na kutaja, moja baada ya moja, mambo ambayo mwanamke huyangoja tangu utotoni hata uzeeni. Wako waliolia, na wako waliokasirika wakisema hiyo si sanaa bali malalamiko. Gazeti la Time liliandika habari zake, jambo ambalo ni nadra kwa kazi ya wanafunzi.

Baadaye nyumba ilibomolewa kama ilivyokusudiwa. Karibu vyote vilivyokuwamo vilipotea pamoja nayo; hata ngazi waliyoitengeneza kwa taabu ilikwenda na kifusi. Vilibaki picha, filamu ya Johanna Demetrakas, na vitu vichache. Kimoja ni nyumba ndogo ya watoto wa bandia iliyotengenezwa na Schapiro na Sherry Brody, msanii aliyealikwa kujiunga nao. Leo imo katika jumba la sanaa ya Marekani la Smithsonian, mjini Washington.

Na jina je? Vitabu vingi vikitaja Womanhouse huandika Chicago na Schapiro, na majina ya wanafunzi huja nyuma, pengine yasije kabisa. Walimu hao walistahili sifa: bila wao pasingalikuwa na darasa. Chicago aliendelea mpaka akatoa mwaka 1979 kazi yake kubwa, The Dinner Party, na hiyo nayo ilishonwa na kufinyangwa kwa msaada wa mamia ya watu. Lakini nyumba ile ilijengwa kwa mikono 46, na historia, kama ujuavyo, hupenda kukumbuka miwili au minne.

Baadhi ya wanafunzi hawakukubali kunyamazishwa hivyo. Mira Schor, aliyekuwa na umri wa miaka 21 alipochora chumba chake katika nyumba ile, alikuwa mchoraji na mwandishi, na ameeleza mara nyingi yaliyotokea, mazuri na machungu. Wilding aliandika mwaka 1977 kitabu cha historia ya wasanii wanawake wa kusini mwa California, akakiita By Our Own Hands, yaani Kwa Mikono Yetu Wenyewe. Na mwaka 1995, jumba la sanaa la Bronx, huko New York, lilipotaka kuonyesha kibanda chake cha nyuzi, hapakuwa na kibanda cha kupeleka. Alichukua kulabu yake akakifuma upya.