Sonara wa London na Kipepeo wa Msituni

Katika misitu minene inayoanzia Sierra Leone, ikapita Kongo na kufika magharibi ya Uganda, yumo kipepeo mkubwa kuliko wenziwe wote wa Afrika. Mabawa yake yakikunjuliwa huweza kuzidi sentimita 20. Dume hushuka kunywa maji penye matope kando ya njia, bali jike hukaa juu vileleni mwa miti na huonekana kwa nadra sana. Wataalamu humwita antimachus. Jina hilo alipewa mwaka 1782 na mtu ambaye hakuwa mtaalamu, wala hakupata kumwona akiruka.

Mtu huyo ni Dru Drury, sonara wa London, aliyezaliwa mwaka 1725. Riziki yake aliipata kwa kufua na kuuza vyombo vya fedha, lakini moyo wake ulikuwa kwa wadudu. Alikuwa mkusanyaji wa ridhaa. Kwa kuwa hakuweza kuliacha duka lake, aliwaomba manahodha, matabibu wa meli na wafanyabiashara wamletee wadudu kutoka ng'ambo, akawapigia chapa maagizo ya namna ya kuwakamata na kuwahifadhi.

Hapa hatuna budi kusema kweli. Baadhi ya meli hizo zilikuwa za biashara ya watumwa. Chombo kilichobeba kisanduku cha vipepeo kwa uangalifu mkubwa kiliweza pia kubeba binadamu katika minyororo.

Mwaka 1771 Drury na wenzake wachache walimgharimia Henry Smeathman kwenda Sierra Leone. Smeathman alikaa huko miaka kadhaa, akaoa katika jamaa za wakubwa wa pwani ile, akachunguza mchwa, na akapeleka wadudu London. Miongoni mwao alikuwamo antimachus mmoja. Drury alifilisika mwaka 1777, lakini hakukata tamaa: miaka mitano baadaye alitoa juzuu ya tatu ya kitabu chake, yenye picha ya kipepeo huyo. Kwa muda wa takriban miaka 80 wataalamu wa Ulaya hawakupata mwingine.

Basi kipepeo huyo akahesabiwa kuwa adimu. Lakini adimu kwa nani? Penye dimbwi la msituni alikuwa akishuka kunywa kama kawaida, na mpita njia akimwona. Uadimu uliosemwa London ulikuwa wa sandukuni, si wa msituni. Jina lililoenea ulimwenguni ni la Kiyunani. Majina waliyomwita wenyeji hayakusafiri naye.

Ndugu walimu, tusimdharau sonara yule. Ametufundisha kwamba mtu asiye na cheo cha elimu aweza, kwa subira na mapenzi, kuongeza jambo katika maarifa ya wanadamu. Tujaze pengo aliloliacha. Lugha yetu humwita karibu kila mmoja wa wadudu hawa "kipepeo" tu, hali watoto wanaokulia kando ya misitu huenda wanayo majina mengine nyumbani kwao. Tuwaulize wanafunzi wetu na wazee wao, tuyaandike majina hayo pamoja na mahali na siku yalipopatikana. Kazi hiyo haihitaji wavu wala pini. Yahitaji daftari, na sikio lililo tayari kusikiliza.