Kazi Isiyo na Kipande

Babu yangu wa Newala alikuwa na kopo la majani ya chai alimohifadhi kadi moja iliyokunjwa mara nne. Miaka ya 1950 alikwenda Tanga kukata mkonge, akawa manamba kama vijana wengi wa uwanda wa Makonde. Kadi ile ndiyo kipande chake cha mwisho. Ina vyumba 30; vyumba 28 vimetiwa alama, viwili viko wazi. Vipande vilivyojaa alivirudisha ofisini akalipwa. Hiki hakikujaa.

"Hizo siku mbili nilifanya kazi," alikuwa akisema. "Nyapara ndiye hakuziona."

Kipande kilianza zama za Wajerumani. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, wanaume walipewa kadi na kutakiwa kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Waingereza walipoitwaa nchi, mashamba ya mkonge yaliendelea na kadi za siku 30. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua kutoka majimbo ya mbali. Shambani siku haikuhesabiwa kwa kuchomoza na kuchwa kwa jua. Ilihesabiwa pale tu kazi uliyopangiwa ilipokamilika, na aliyeamua kama imekamilika ni yule yule aliyekupangia.

Nilimkumbuka babu mwaka 2021. Nilikuwa nimemaliza chuo, naishi kwa shangazi Masasi. Ofisi moja iliniita kwenye usaili, kisha ikanitaka niandae "kazi ndogo ya majaribio": kijitabu cha kuwaeleza wakulima wa korosho mfumo wa stakabadhi ghalani. Nilifanya kwa siku tano, kwa laptopu ya kuazima na bando la kukopa. Kwenye mfano wa hesabu nilimtumia mkulima niliyemwita Bi Somoe, jina la shangazi yangu. Nikatuma. Kimya.

Msimu uliofuata shangazi alirudi kutoka chama cha msingi na kijitabu mkononi, anacheka. "Mwanangu, mbona wameniandika humu?"

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Mkulima akifikisha mzigo ghalani, hupewa karatasi inayothibitisha kwamba mzigo ni wake hadi utakapouzwa. Mimi niliyeandika kurasa 12 kuisifu karatasi hiyo sikupewa hata risiti.

Sisemi yangu ni sawa na ya babu. Yeye alisukumwa na kodi ya kichwa. Mimi nilibofya "tuma" kwa hiari. Lakini kipande chake, pamoja na ubaya wake, kilikuwa na mwisho: vyumba 30. Aliyekatwa siku alikuwa na kadi ya kuonyesha. Mwombaji kazi wa leo hana kadi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua aliyeajiriwa kwa majaribio, naye hulipwa. Ibara ya 23 ya Katiba inazungumzia ujira unaolingana na kazi. Anayefanyishwa kazi kabla ya kuajiriwa anabaki nje ya mlango, ameshika kazi aliyokwisha kuimaliza.

Najua waajiri nao wana hofu yao. Cheti hakionyeshi kama mtu anaweza kuandika. Lakini hilo hujulikana kwa saa moja, kwa swali ambalo ofisi tayari ina jibu lake. Ikihitaji siku tano na kitu kitakachotumika, hiyo ni kazi, na gharama ya kumpima mtu ameibeba mwenye njaa. Nyapara alifanya hesabu hiyo hiyo.

Mwaka huu ofisi nyingine iliniomba kazi ya majaribio. Niliuliza mambo matatu: ni ya saa ngapi, inalipwa kiasi gani, na nisipochukuliwa itakuwa mali ya nani. Walisema watanipigia.

Hawajapiga. Nitaendelea kuuliza.